Punda si mbishi, nira ndiyo mbaya

Ndugu Mhariri, habari za kazi.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, zile kurasa za kilimo nazisoma zote hadi matangazo ya mbegu, na leo nimeona niandike maana kuna kitu kinanikera. Kila mkigusa kilimo ni trekta, ni droni, sijui programu gani ya kwenye simu, sawa, sina ugomvi na trekta hata kidogo. Ila mashamba mengi tu duniani bado yanalimwa kwa mikono ya watu na shingo za wanyama na hao hamuwaandiki kabisa, labda siku ng'ombe katumbukia kisimani. Matokeo yake mtu anajua trekta inabadilishwa oili lini lakini hajui punda wake avalishwe nini.

Naanza na punda kwa sababu ndiye anayesingiziwa kuliko wote. Eti mbishi, eti mvivu, eti bila fimbo haendi. Mimi naomba kabla hujamtukana uangalie kwanza alichofungwa. Mara nyingi utakuta kavalishwa nira ya ng'ombe, lile gogo linalolazwa juu ya shingo. Sasa ng'ombe mwenye nundu analiweza, linakaa mbele ya nundu, shingo yenyewe nene, anasukuma nalo na maisha yanaendelea. Punda hana nundu jamani! Shingo yake nyembamba na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani na mabegani. Ukimbebesha lile gogo linateleza huku na huku, linakwangua ngozi, na ile kamba ya chini inamkaba koo, akiongeza kuvuta pumzi inakata, pumzi ikikata anasimama, akisimama anachapwa. Yaani tunamchapa kwa sababu anataka kupumua.

Na punda ana tabia moja mbaya kwake mwenyewe, maumivu haonyeshi. Mbwa akiumia mtaa mzima utajua, punda atasimama kimya tu kainamisha kichwa na wewe utasema kapumzika. Kwa hiyo ukisubiri akwambie utasubiri sana, inabidi upitishe mkono. Jioni ukimfungua pitisha kiganja pale mkanda ulipokuwa umelala, ukikuta nywele zimelala upande usio wake au zimekatika, au ngozi ina joto kuliko pembeni, hapo kidonda kiko njiani na dawa yake si kupaka chochote, dawa ni kurekebisha hicho kifaa kabla ya kesho.

Kifaa chenyewe wala si cha ajabu. Ni mkanda mpana wa kifuani, upana kama wa kiganja, usipande juu ukagusa koo na usishuke chini ukabana mabega yashindwe kusogea, halafu mkanda mwingine unapita juu ya mgongo kuushikilia usidondoke. Turubai nene iliyokunjwa inafaa, ngozi inafaa. Kamba ya nailoni peke yake haifai, inakata kama kisu. Nimeona pia watu wanatumia vipande vya tairi kuukuu, sawa ila zile nyaya za ndani zikichomoza ni balaa.

Mkokoteni nao una siri yake, ule wa magurudumu mawili. Mzigo ukielemea mbele wote unamkalia punda mgongoni, ukielemea nyuma mikono ya mkokoteni inanyanyuka na mkanda wa tumboni unamkaba. Kabla hujamfunga shika ile mikono uinyanyue mwenyewe, ikikushinda sogeza mzigo nyuma kidogo, ikipaa yenyewe sogeza mbele. Dakika moja tu hiyo kazi, lakini watu hawana hiyo dakika, wana muda wa kukata fimbo.

Nije kwa ng'ombe. Maksai aliyefundishwa vizuri ni mnyama wa kuheshimu kwa kweli, anajua kugeuka mwisho wa shamba bila kuambiwa mara mbili. Lakini naye ana hesabu zake ambazo watu hawazipigi. Kwa kazi ya kuendelea saa kadhaa ng'ombe anavuta kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake, sasa kama ana kilo 400 basi ni nguvu ya kilo 40 hivi, jozi ni 80. Plau yenye ncha butu kwenye udongo uliokauka inapita hapo kirahisi tu, na hapo ndipo utasikia "hawa ng'ombe wamechoka mapema", wakati plau haijanolewa wala haijabadilishwa ncha tangu inunuliwe. Na cha kusikitisha zaidi, kule kwenye kiangazi kirefu msimu wa kulima unamkuta ng'ombe akiwa kakonda kuliko wakati wowote, majani yameisha, halafu kazi kubwa ya mwaka ndiyo inaanza wiki hiyo hiyo. Mwenye akili anaweka akiba ya mabua na majani makavu kwa ajili ya wale watakaovuta, wasiachwe wakigombania na kundi zima.

Halafu kuna suala la kucheua. Ng'ombe anahitaji masaa mengi ya kula, mpaka 8 hivi, na masaa mengine karibu hayo hayo ya kulala chini na kucheua alichokula. Ukimfunga nira alfajiri ukamfungua jua linazama, hiyo kazi ya tumbo ataifanya saa ngapi? Afadhali aanze mapema sana, jua likianza kuchoma afunguliwe, anywe maji, akae kivulini. Ukiona mdomo uko wazi na ulimi unaning'inia hapo ulishachelewa, usiseme tumalizie hii mistari miwili.

Mnyororo pia. Mtu plau inazama sana au inaruka ruka, yeye anakandamiza mikono mpaka mgongo unamuuma, ng'ombe nao wanahangaika, kumbe ni urefu wa mnyororo tu. Ukiufupisha plau inapanda juu, ukiurefusha inazama zaidi. Hili somo ni la dakika tano na kuna wazee wameshika plau miaka na miaka hawajawahi kuambiwa.

Nimesema wazee ila wanaoshika ni wengi. Nyuma ya plau kuna mtu, mbele ya ng'ombe mara nyingi kuna kijana wa kuwaongoza, na hawa ndio wanaotembea. Chukua eka moja, plau inakata upana wa sentimita 20, piga hesabu mwenyewe, ni kilomita 20 na ushee kwenda na kurudi ndani ya kipande hicho hicho, kwenye madongo, bila kivuli. Na eka yenyewe asili yake zamani huko Uingereza ilikuwa ni kipande ambacho ng'ombe wa nira wanakimaliza kwa siku. Kwa hiyo kibarua akikwambia amechoka ameshatembea umbali ambao wewe ungepanda gari.

Sasa hapa ndipo pana jambo ambalo sijawahi kuliona gazetini. Plau ikiingia kwenye familia shamba linaongezeka, kila mtu anafurahi, tumelima eka nyingi mwaka huu. Palizi je? Palizi inabaki ya jembe la mkono na wanaoinama ni akina mama na watoto. Baba na maksai wamemaliza kazi yao kwa siku chache tena kwa sifa, halafu mama anakabidhiwa shamba lililokuwa mara mbili ya la mwanzo na mikono yake ni ile ile miwili, majani hayamsubiri, huku chini ya mti maksai wamelala wanacheua wameshiba. Hiyo haijakaa sawa.

Na ng'ombe wanaweza kupalilia! Kuna majembe ya palizi ya kukokotwa, mepesi kuliko plau, ila yanataka mambo mawili ambayo watu hawayapi uzito. La kwanza shamba lipandwe kwa mistari iliyonyooka, ukimwaga mbegu ovyo umeshajifungia mlango. La pili ni nira, narudi kule kule kwenye nira. Nira ya kulimia ni fupi, ng'ombe wanatembea karibu karibu. Ukienda nayo kwenye palizi watakanyaga mazao tu, na hapo mzee anasema "si niliwaambia ng'ombe hawapalilii" anarudisha jembe la mkono kwa mama watoto. Mistari ikiwa imeachana sentimita 75, ng'ombe wanatakiwa waachane sentimita 150 kutoka katikati ya shingo hii mpaka katikati ya shingo ile, hapo kila mmoja anapita kwenye nafasi yake na jembe linapita kwenye nafasi ya kati. Ni mti mrefu zaidi tu, fundi seremala yeyote anauchonga ukimpa kipimo. Na wavalishwe kikapu mdomoni, maana usitegemee ng'ombe apite katikati ya majani mabichi hivyo halafu awe mstaarabu.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni dogo, tupeni nafasi kwenye hizo kurasa, hata nusu ukurasa kwa mwezi. Wekeni mchoro wa mkanda wa punda wenye vipimo ambao mtu ataukata gazetini ampelekee fundi, wekeni na wa nira ya palizi, waulizeni madaktari wa mifugo kuhusu vidonda na kwato badala ya kuwauliza kila siku kuhusu kuku. Na mkiandaa hiyo habari msiishie kwa mwenye shamba, yeye atawapa mipango yake ya kununua trekta. Mtafuteni yule anayeswaga na yule anayepalilia, hao ndio wenye majibu.

Na mpiga picha mwambieni asiwahi kuondoka, asubiri nira ivuliwe ndipo apige, apige pale ilipokuwa imekaa. Picha za trekta tunazo za kutosha.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkulima wa jembe na maksai