Nitembelee wapi, Mhariri?

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimjibu yule msomaji aliyeuliza anunue ile mashine ya kuteleza ya mazoezi ya nyumbani au atembee tu kwa miguu, maana waliomjibu naona ni watu ambao hawajawahi kukaa nayo sebuleni, huyu anamwambia kutembea ni bure, yule anamwambia mashine ndo mpango mzima. Mimi ninayo. Na natembea pia, au niseme nilikuwa natembea.

Mwaka juzi nilipimwa presha kliniki ikaonekana iko juu, nesi akaniambia mama punguza chumvi na utembee, nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki, ndo unapata zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima azifikishe. Akasema tembea haraka mpaka uweze kuongea ila usiweze kuimba. Nilicheka lakini ndo kipimo changu hadi leo, ukiona unamaliza pambio zima bila kukata pumzi ujue unatembea kama mtu anayeenda kuazima kibiriti kwa jirani.

Sasa mimi nakaa Kimara, kule ndani, wanaopajua wanapajua, mlima, korongo, alafu mlima tena. Muda wangu ni saa 11 alfajiri kabla sijaanza shughuli na saa hizo ni giza, mbwa wa watu wako nje, na barabara ya mtaa haina pembeni, pembeni yake ni mtaro. Siku moja nimepisha bodaboda mguu ukaingia kwenye mtaro pale ambapo mfuniko umeng'olewa, kifundo kikavimba kama andazi, wiki 3 natembea kwa kuchechemea. Ndo kijana wangu akaniletea hiyo mashine, ya mtumba.

Kwa asiyeijua, ni chuma kimesimama kina mikono miwili mirefu ya kushika na vibao viwili vya kukanyagia vinaning'inia, ukipanda mguu huu unaenda mbele ule unarudi nyuma, kama mkasi. Haitaki umeme, kwaiyo wakikata wewe unaendelea tu. Kuna kidude cha kuonyesha dakika kinakula betri, changu kilishakufa zamani naangalia saa ya ukutani. Na nisiwe mchoyo wa sifa, goti langu la kushoto linalonipigia kelele kila nikishuka mlima, juu ya ile mashine linanyamaza kabisa, kwa sababu mguu haunyanyuki ukatua kwa kishindo, unateleza tu.

Ila hapo hapo ndo inapodanganya. Ikishachanganya inakubeba yenyewe kama pembea, unajiona uko mazoezini kumbe unabembea, mimi mwezi wa kwanza wote nilikuwa naimba pambio na viitikio vyake, jasho hamna. Mpaka kijana akanionyesha niiname mbele kidogo, nisukume na kuvuta ile mikono kwa nguvu na hatua ziwe ndefu, hapo ndo pumzi ikaanza kukata. Alafu kisigino kimelala kwenye kibao muda wote, kwaiyo niliporudi barabarani vigimbi viliniuma kama mtu aliyeanza jana. Ukinunua ya mtumba kaza nati zote kabla hujapanda, usome na stika ya uzito inaoubeba, na uiwekee grisi la sivyo italia ngwii ngwii wakati baba watoto anasikiliza taarifa ya habari. Wajukuu nao ukigeuka tu wameshapanda wawili wawili, na pale kwenye maungio panabana vidole, muwe macho.

Kwaiyo ndugu msomaji, kama kwako kuna pa kutembea basi tembea, hela hiyo nunua raba nzuri na chenji utabaki nayo. Mashine ni ya masika, na ya wenye magoti kama langu.

Lakini Mhariri wangu, mbona nahisi swali lenyewe tunaulizana sisi wa huku tu? Anayekaa karibu na chuo kikuu pale Mlimani anatoka anakuta barabara na miti, wa Masaki wana Coco Beach, wengine asubuhi wanakimbia juu ya Daraja la Tanzanite upepo wa bahari unawapiga. Mimi nikitaka njia ya waenda kwa miguu nishuke kwanza mpaka Morogoro Road, na nikifika naikuta bodaboda imeshanitangulia humo humo na honi ananipigia mimi. Au nipande mwendokasi, nilipe nauli, niende mjini kutembea! Mtu mzima na akili zangu.

Serikali ya mtaa nimeenda mara 2 kuhusu ule mtaro usio na mfuniko, nimeambiwa lalamiko limepokelewa. Naomba gazeti lako mtume mwandishi siku moja hiyo saa 11, aje na tochi, nitamtembeza mimi mwenyewe. Lile shimo atalijua, vijana wamechomeka tawi la mwembe ili watu waone. La kwanza lilishakauka, hili ni la pili.

Bibi wa Kimara,
Dar es Salaam