Mpeleke Bibi yako Sept-Saints

Mwanangu mpenzi,

Natumaini mitihani imekwisha salama. Bibi yako amepata viza, alhamdulillahi, na atakuwa nasi Julai yote. Bahati mbaya ratiba ya kazi imeshatoka na ile wikendi ya nne niko zamu siku zote mbili. Nimeomba wenzangu tubadilishane, hakuna aliyeweza. Kwa hiyo wewe ndiye utakayemshika mkono Bibi mpaka Sept-Saints, kile kitongoji cha huku kwetu Bretagne, Ufaransa. Ningeweza kukupigia simu, lakini hili nataka ulisome taratibu na ulirudie, maana yeye atauliza mengi na hakuna mwingine wa kumjibu kwa Kiswahili.

Kwanza, usimwambie ni hija. Kwa Bibi hija ni moja tu na alishaitimiza. Mwambie ni ziara, kama alivyokuwa akitupeleka Lamu wakati wa Maulidi tukiwa wadogo. Hapo atakuelewa mara moja. Wenyeji wenyewe, ambao ni Wakristo, huiita pardon: ziara ya kila mwaka kwenye kanisa la watakatifu wao.

Mkishuka kwenye treni pale Plouaret, msikimbilie gari. Mwache aitazame nchi. Yeye ni mtu wa bahari, na kijani hiki chote kitamshangaza: mashamba madogo madogo, kila moja limezungushiwa tuta la udongo lililopandwa mialoni, na barabara zinazopita katikati ya matuta hayo kama mahandaki. Mwambie matuta yalikuwa yakizuia upepo na ng'ombe, na kwamba chini bondeni kuna Mto Léguer, wenye samaki wanaopanda kutoka baharini, ambao uliendesha vinu vya kusagia nafaka karne kwa karne. Najua ataziendea nyumba na kuzigusa kuta. Yeye kazaliwa ndani ya kuta za matumbawe, Mji wa Kale, Mombasa. Hizi ni za itale, jiwe gumu la kijivu linaloficha vimulimuli ndani yake, na paa ni vibamba vyeusi vya jiwe. Halafu mtafsirie jina la kijiji chenye kitongoji hicho cha Sept-Saints. Le Vieux-Marché kwa Kifaransa, Ar C'hozh-Varc'had kwa Kibretoni, lugha ya asili ya hapa: Soko la Kale. Kutoka Mji wa Kale kuja Soko la Kale. Hilo atalipenda.

Sasa nikuambie lile hasa lililonifanya niandike.

Bibi yako husoma Suratul Kahf kila Ijumaa, tangu sijazaliwa. Wale vijana waliokimbilia pangoni na imani yao, Mwenyezi Mungu akawalaza miaka mia tatu na kuongeza tisa, mbwa wao amenyoosha miguu kizingitini. Nimelala kwa sauti hiyo utotoni, na wewe umeisikia kwenye simu mara nyingi. Wakristo wanao vijana haohao: wanasema walikuwa Efeso, katika Uturuki ya leo, wakamkimbia mfalme wa Kirumi Decius aliyewatesa wafuasi wa Isa katika karne ya tatu. Na hapa, kwenye kitongoji cha nyumba chache cha mashambani, ndio Watakatifu Saba wenyewe, kwa Kifaransa Sept-Saints. Kanisa dogo ni lao. Nilipofika nchi hii sikujua neno la lugha yao wala jina la jirani, na mama mmoja mzee akanichukua kwenda kunionyesha hapo. Nilipotambua ni akina nani, nilikaa chini kwenye majani nikalia.

Kanisa lilijengwa kati ya mwaka 1703 na 1714, lakini hilo ni la juzi. Mzungushe Bibi ubavu wa kusini. Mtaona mlango mfupi, mnainama, mnaingia gizani. Juu ya vichwa vyenu kuna bamba kubwa la jiwe lisilochongwa, limelazwa juu ya mawe mengine yaliyosimama. Hiyo ni dolmen, jengo la watu walioishi hapa maelfu ya miaka kabla ya Isa, na mara nyingi majengo ya namna hiyo yalikuwa makaburi. Wajenzi wa kanisa hawakulivunja. Waliweka mkono mmoja wa kanisa juu yake. Kuna baridi, kuna harufu ya udongo mbichi, na ukiweka kiganja kwenye jiwe kinarudi na unyevu. Ni pango. Mtu yeyote anayeijua ile habari, akiingia mle ataona ni pango. Sanamu Bibi asizijali, na wakati wa misa usimwingize kama hataki. Kuna ukuta wa kukalia nje, kivulini, na uimbaji unasikika vizuri tu.

Na mwambie jambo moja ambalo watu wengi hulisimulia kinyume. Utasikia ikisemwa kwamba Louis Massignon ndiye aliyeleta ziara hii. Massignon alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Kifaransa wa mambo ya Kiislamu, Mkristo aliyewapenda Waislamu kwa dhati, na kweli ni yeye aliyeanza mwaka 1954 kuja na Waislamu kutoka Paris ili waombe pamoja na wenyeji. Angalia mwaka huo. Ilikuwa Julai, Novemba vita vya Algeria vikaanza. Miaka yote ile ya damu aliendelea kuja, hadi alipofariki Oktoba 1962. Namheshimu na namwombea. Ila vijana hawa hakuwaleta yeye. Aliwakuta. Wakulima wa hapa walikuwa nao tangu zamani, ndani ya gwerz.

Gwerz, umwelezee, ni kama utenzi: habari ndefu ya huzuni au ya watakatifu, inayoimbwa ubeti baada ya ubeti bila ala. Gwerz ya Watakatifu Saba inasema lile kanisa la chini ya ardhi liliumbwa na Mungu mwenyewe alipoumba ulimwengu, kwa kuwa hapana binadamu angeweza kuyainua mawe yale. Katika karne ya 19 François-Marie Luzel, mzaliwa wa hapahapa, alizunguka akiandika nyimbo za namna hii kutoka vinywani mwa watu. Aliyempa nyingi kuliko wote alikuwa Marc'harid Fulup wa Pluzunet, kijiji jirani: mwanamke maskini, mlemavu wa mkono, hajui kusoma wala kuandika, aliyeishi kwa kulipwa kwenda ziara kwa niaba ya watu wasioweza kutembea. Mamia ya nyimbo yalikuwa kichwani mwake. Bibi amewajua wanawake wa aina hiyo kule kwetu. Hutahitaji kumweleza zaidi.

Lugha ya nyimbo hizo, Kibretoni, sasa inakufa mikononi mwa watu, na hili linaniuma. Yule jirani yetu mzee amekusimulia mwenyewe: ukisema Kibretoni shuleni ulivishwa kiatu cha mti shingoni, mpaka umsikie mwenzako akisema umvishe yeye. Aliponieleza nilinyamaza muda. Nami nilivishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema Kiswahili. Ndiyo sababu nilikusukuma sana ujifunze Kibretoni pamoja na Kifaransa, na ndiyo sababu siku hiyo nakuomba usimame karibu na waimbaji umtafsirie Bibi ubeti kwa ubeti, moja kwa moja, kutoka Kibretoni kwenda Kiswahili.

Jumamosi jioni ni maandamano, kisha moto mkubwa, tantad. Mfunike shali, baridi ya usiku wa Julai hapa hataiamini. Chakula: krampouezh za ed-du, ile nafaka nyeusi, kwa siagi ya chumvi na yai. Atazifananisha na chapati za maji. Uliza kabla kama kuna nyama ya nguruwe, na juisi ya tufaha hakikisha si ile iliyochachuka.

Jumapili baada ya misa watu hushuka bondeni kwenye chemchemi. Njia ina utelezi, avae viatu vya kufunga. Maji yanatoka kwenye jiwe lenye matundu saba, membamba, hayana kelele. Inabidi watu wanyamaze ndipo yasikike. Hapo ndipo Suratul Kahf husomwa, mbele ya wakulima, watawa na wageni, wote wamesimama kwenye tope. Msogeze Bibi mbele, karibu kabisa na maji. Anaijua kwa moyo na atafuatisha kwa midomo. Usimshike bega, mwache.

Wakimaliza, mwulize anawahesabu vijana wangapi. Qur'ani yenyewe inataja kuwa watu watabishana, watatu, watano au saba, na wanane wao mbwa wao. Babu yako na yeye walibishana juu ya hilo miaka arobaini.

Nitatoka zamu saa tatu usiku. Msilale kabla sijafika.

Mama yako