Barua ya Wazi kwa Waziri wa Sheria: Peleka Muswada wa Ndoa Bungeni

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima zote, ila safari hii hadharani, kwa kuwa barua nilizoleta ofisini kwako hazijajibiwa hata moja.

Wiki iliyopita mwenzangu aliingizwa chumba cha upasuaji. Ni mwanamke kama mimi. Tumeishi pamoja miaka mingi, tumeuguzana, tumezika wazazi wetu tukishikana mikono. Kwenye fomu ya ridhaa kuna mstari wa uhusiano na mgonjwa. Niliandika "mke". Karani akakata, akaandika juu yake "rafiki", kisha akampigia simu kaka wa mgonjwa aje atie saini. Kaka ambaye tangu ajue habari zetu hajawahi kumjulia hali dada yake! Daktari alipotoka alizungumza na yeye. Mimi alinipita pale pale ukutani nilipoegemea.

Simlaumu sana karani. Anafuata sheria, na wizara ya sheria ni yako. Mwenzangu akitangulia, kaka huyohuyo ndiye atakayedai nyumba tuliyojenga wote wawili.

Wakati wa kampeni ulisimama jukwaani ukaahidi muswada wa ndoa ya jinsia moja utafika bungeni. Tulikupigia kura kwa neno hilo. Leo tunaambiwa wananchi hawako tayari. Wananchi gani, na waliulizwa lini? Ireland waliuliza Mei 2015, asilimia 62 wakasema ndiyo. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua Desemba 2005 kwamba kuwanyima ndoa watu wa jinsia moja ni kinyume cha katiba, ikalipatia Bunge miezi 12 kurekebisha sheria, na Novemba 2006 sheria ikapita. Tena haimlazimishi kiongozi wa dini kufungisha ndoa asiyoiamini. Nadhani hofu yako iko hapo, kwa viongozi wa dini na kura za waumini wao. Basi waambie ukweli: hakuna atakayelazimishwa. Sidai madhabahu ya mtu. Nadai cheti cha serikali, kile kile anachopewa jirani yangu na mumewe bila kuulizwa swali.

Wanaopinga wapinge bungeni, kwa majina yao, mbele yetu. Hilo nitalivumilia. Muswada kulala kwenye kabati lako sitalivumilia tena.

Peleka muswada, Mheshimiwa. Kama huwezi kuupeleka wiki hii, taja tarehe. Nataka tarehe tu.

Wako,
Raia aliyekupigia kura