Bati nene halikuokoi kwenye ajali

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi nimjibu yule msomaji aliyeandika kwamba magari ya zamani ndo yalikuwa magari, haya ya sasa ukiegemea tu boneti inabonyea. Mi sikatai yote. Peugeot 404 naiheshimu, Bert Shankland wa Dar alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 akarudia tena 1967, na barabara zenyewe za enzi zile wazee wanazijua. Halafu ikizingua, fundi wa chini ya mwembe anaifungua kwa spana na bisibisi, mambo ya kompyuta hayapo. Hapo tuko pamoja.

Ila kusema ajali haikuui kwa kuwa bati ni nene, hapana bwana, hiyo inapoteza watu.

Mwaka 2009 kule Marekani IIHS, ile taasisi ya makampuni ya bima inayopima usalama wa magari, walichukua Chevrolet Bel Air ya 1959, lile dude refu lenye mabawa nyuma, wakaigonganisha na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja inakuja na spidi ya kilomita kama 64 kwa saa, zikakutana uso kwa uso upande wa dereva. Video ipo, itafuteni. Iliyokunjika mpaka kwa dereva ni hiyohiyo Bel Air ya bati nene! Nguzo ya kioo ikalala, kioo kikachomoka, usukani ukarudi nyuma ukamfuata yule sanamu waliyemkalisha kwenye kiti, na mkanda hana, eabegi (ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali) hamna. Angekuwa mtu angekufa palepale. Wa kwenye Malibu? Aliumia mguu, tena kidogo.

Sababu ni kwamba gari ya kisasa pua yake imetengenezwa ikunjike makusudi, inakula ule mshindo polepole kabla haujafika kwa watu, ila pale wanapokaa abiria ndo pamewekwa chuma kigumu kwelikweli. Kwa hiyo ukiona gari imebondeka mbele yote na dereva katoka anaongea na simu, usiseme mchina huyu, imefanya kazi yake.

Na mwaka huohuo 1959 Volvo walikuwa washaanza kufunga mkanda wa pointi tatu aliobuni injinia wao Nils Bohlin, wakaruhusu na wenzao wautumie bure. Yani dawa ilikuwepo.

Kinachonikera mimi ni sisi tunaonunua gari mpya halafu tunairudisha 1959 kwa mikono yetu. Kuna wanaochomeka kile kichuma kwenye soketi ya mkanda ili kengele inyamaze, abiria wa nyuma ndo kabisa hata haangalii mkanda uko wapi (eti trafiki hamwoni). Na hizi za mtumba nazo kuwa makini, kuna zilizoshapata ajali eabegi zikafumuka, mtu akafunika dashibodi vizuri akachomoa na balbu ya taa ya onyo ili usijue. Ukienda kukagua washa swichi kabla ya kupiga stata, ile taa ya eabegi inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji, na usitoe hela mpaka fundi wako aifungue aone.

Msomaji wenu,
Morogoro