Zebaki inachomwa majumbani kwetu, sio machimboni tu

Mhariri, ile ripoti yenu ya zebaki, ile sumu ya majimaji wachimbaji wanayonasia dhahabu, nimeisoma mpaka mwisho na nimekasirika, maana mwandishi wenu kaenda machimboni, kapiga picha maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kawahoji wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe, basi, kana kwamba sumu inaishia hukohuko porini. Mimi nakaa Katoro mjini, gazeti lenu nanunua miaka yote na sijawahi kuwaandikia ila leo acha niseme. Zebaki inachomwa kwenye nyumba za kupanga, uani, pembeni ya masufuria.

Hapa ninapoishi kuna mpangaji mwenzetu ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Analetewa donge la dhahabu iliyochanganyika na zebaki, limeshakamuliwa kwenye kitambaa, jeupe linang'aa, analiweka kwenye kijiko cha chuma juu ya jiko la mkaa anapuliza moto, baada ya muda ule weupe wote umeisha linabaki la njano. Sasa zebaki imeenda wapi? Si imeenda hewani, na hewa ndo hiyohiyo tunavuta wote, mvuke wenyewe hauna rangi wala harufu kwahiyo hakuna anayekimbia. Juzi anachoma, mke wa mdogo wangu ana mimba kubwa kakaa kwenye kigoda anachambua mchicha, upepo wote unamwendea yeye, watoto nao wamezunguka jiko wanataka kuona dhahabu inavyotokea. Nikamwambia kaka, hiyo kitu inapita mpaka kwa mtoto tumboni inaharibu ubongo kabla hata hajazaliwa, na wewe mwenyewe inakula figo na kukutetemesha mikono, akanijibu mbona yeye kachoma miaka yote na yuko fiti! Nikamfuata mwenye nyumba, ananiambia yule analipa kodi kwa wakati. Yaani mtoto wa watu apate ulemavu kisa kodi!

Na haiishii uani. Inatua kwenye mabati, mvua inaisomba mpaka mitoni, kule vijidudu vya kwenye tope vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, inaingia kwa samaki. Minamata kule Japani, mwaka 1956 ndo ugonjwa wa sumu ya zebaki ulitangazwa, watu walikula samaki wa ghuba yao tu, kiwanda ndo kilimwaga zebaki baharini. Mkataba wa dunia umepewa jina la mji huo, Tanzania imeuridhia 2020, na mkataba wenyewe unataka kuchoma kwenye makazi ya watu kukomeshwe. Nani kaja kukomesha huku?

 

Ninachotaka ni hivi. Kila mwenye leseni ya kununua dhahabu awe na ritoti, kile chombo cha chuma kinachofungwa, mvuke unapita kwenye bomba linalopozwa na maji, zebaki inarudi anaitumia tena, kwahiyo hata hasara hapati. Achomee nje ya makazi. Mwenye nyumba anayeruhusu uani kwake apigwe faini ya kodi ya mwaka mzima ya hicho chumba. Na nyie chapeni mchoro wa ritoti ukurasa mzima, wenye vipimo, mafundi wa kuchomelea wapo kibao huku wataitengeneza.

Msomaji wenu, Katoro, Geita