Wapiga picha wa Dunga, tuachieni nafasi juu ya kichwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niongee na watu wawili, fundi wa simu na mpiga picha wa Dunga, ule ufuo wa ziwa hapa Kisumu, na kama nafasi haitoshi kata ya fundi uache ya mpiga picha, hiyo ndio inaniuma zaidi.

Majuzi nilitaka picha ya mamangu ikae kwa loki skrini ile staili ya saa kupita nyuma ya kichwa, unaona ni kama mtu amesimama mbele ya saa, wanaita depthi efekti. Niliona kwa simu ya binamu yangu nikasema hii lazima nipate. Simu yangu wakati huo ilikuwa iPhone X, nilinunua ikiwa imetumika. Nikaenda kwa fundi mmoja tauni, akaitisha mia tatu, nikatuma M-Pesa, akakaa nayo karibu nusu saa akanirudishia. Kuangalia, kweli mama yuko mbele saa iko nyuma, nikafurahi hadi nikamwongezea ya soda. Kufika Kondele ndio naona saa ziko mbili. Na sisemi saa mbili ya usiku, nasema saa mbili, moja ya simu yenyewe imekalia paji la uso la mama, ingine iko nyuma ya kilemba inasema 9:41. Kumbe jamaa alichora saa ndani ya picha! Kesho yake asubuhi bado ni 9:41. Hiyo ndio saa Apple huweka kwa matangazo ya iPhone, kwa hivyo nadhani aliinyofoa huko.

Fundi, si ungeniambia tu haiwezekani. Hii kitu ilikuja na iOS 16, ile programu inayoendesha iPhone, Septemba 2022, na iPhone 8 na X zilipata hiyo iOS 16 sawa lakini hii moja zikanyimwa, inaanzia XS na XR kwenda juu, zile za chipu ya A12. Sababu ni kwamba simu yenyewe ndio inasoma picha, inamtenga mtu na vitu vilivyo nyuma yake, halafu saa inapenyezwa hapo katikati. Na kuiweka ni bure: unabonyeza loki skrini unashikilia, unaingia pa kurekebisha, unasogeza picha kwa vidole viwili hadi kichwa kiguse saa kidogo, na ikikataa unaangalia kama imezimwa kwa zile nukta tatu za chini. Dakika mbili hazifiki. Watu wa Xiaomi zenye HyperOS nao wako na yao, sijaishika mkononi kwa hivyo naiacha hapo.

Haya, ndugu yangu akaniuzia XR yake. Nikaweka picha ileile ya mama, ikakataa. Nikazima nikawasha, ikakataa. Nikatoa ile wijeti ya hali ya hewa chini ya saa, maana wijeti ikikaa hapo nayo inaua hii mambo, bado. Nikaweka picha yangu ya Kit Mikayi, yale mawe makubwa yamepandana, niliyopiga mwenyewe tukienda Bondo, ikashika mara moja, lile jiwe la juu likapenya kwa saa safi kabisa. Hapo nikajua simu haina shida.

Shida ni picha, na hapa ndio nakuja kwenu wapiga picha wa Dunga. Picha ya mama tulilipia Jumapili jioni, jua linazama, ziwa nyuma, mama amevaa kilemba kirefu cha kanisa. Mpiga picha akamsogelea hadi kilemba kikagusa ukingo wa juu. Sasa picha kama hiyo ukiiweka kichwa kinafunika saa yote, na simu haikubali kwa sababu saa lazima isomeke, ukiivuta chini hakuna picha imebaki ya kujaza huko juu. Halafu akaipiga ya kulala na simu yangu imesimama! Na akanitumia kwa WhatsApp, imeshapunguzwa ubora, pembeni ya uso haijulikani iishie wapi.

Sasa ombi langu. Tukija na wamama zetu, piga zenu za kawaida lakini ongeza moja ya kusimama, rudi nyuma hatua tatu, acha theluthi nzima ya juu iwe anga. Anga ya ziwa si mnaiuza na hamkuinunua? Na msituweke mbele ya boti zimejazana na watu wanapita, simu inachanganyikiwa inakata mtu sikio. Picha yenyewe tuma kama faili.

Mimi nilichoka kungoja nikarudi na mama wiki iliyopita nikampiga mwenyewe, anga tele, kilemba kikaingia kwa saa vizuri sana hadi kikafunika nusu ya dakika. Nikamwonyesha. Akaishika simu mbali kidogo, vile hushika akiwa hana miwani, akaniuliza sasa hapo ni na ngapi.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu