Kuhusu zile mechi 41

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Unasema NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, inaonea wachezaji inapowafungia mechi nyingi, kama zile 41 za mchezaji Raffi Torres, maana hoki ya barafuni ni mchezo wa kugongana. Sikubaliani nawe, na nitakueleza kwa nini.

Turudi Vancouver, Kanada, tarehe 8 Machi 2004. Wiki tatu nyuma, Steve Moore wa timu ya Colorado alikuwa amemgonga kichwani Markus Näslund, nahodha wa Vancouver. Refa hakupiga filimbi, na ligi nayo ilipolitazama tukio ikaona halina adhabu. Wenzake Näslund wakabaki na kinyongo. Sasa itazame video ya mechi ile polepole: Todd Bertuzzi wa Vancouver anamfuata Moore kwa nyuma, anamvuta jezi, anampiga ngumi ya upande wa kichwa, kisha anamwangukia, uso wa Moore ukitangulia kwenye barafu. Moore alivunjika pingili tatu za shingo. Hakucheza tena NHL. Bertuzzi alikosa mechi 20, akarudi kazini.

Ishirini, ndugu yangu, kwa mtu aliyemaliza kazi ya mwenzake! Lakini kinachoniuma zaidi ni lile pigo la kwanza lililoachwa lipite. Ligi ikinyamaza, wachezaji hulipizana wenyewe.

Halafu ikaja Machi 2010. Matt Cooke wa Pittsburgh alimpiga Marc Savard wa Boston kichwani na hakufungiwa hata mechi moja, kwa kuwa hakukuwa na kanuni ya kumbana. Kanuni ya 48, inayokataza kulenga kichwa, iliingia msimu uliofuata. Mwaka 2011 ligi ikaunda Idara ya Usalama wa Wachezaji, inayoamua adhabu hizi. Wakifikiria kumfungia mtu mechi sita au zaidi, humpa nafasi ya kujitetea ana kwa ana. Zikiwa chache, simu inatosha. Mshahara anaokatwa huenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wachezaji wenye shida. Na mwenye rekodi mbaya hukamuliwa zaidi.

Ninachokipenda hasa ni kwamba idara hutoa video ya kueleza kila adhabu ya kufungiwa: bega lilitua wapi, alikuwa na nafasi ya kukwepa au la. Kijana anayejifunza mchezo anaona mpaka uko wapi.

Rufaa ipo pia. Mchezaji Tom Wilson alifungiwa mechi 20 mwaka 2018, msuluhishi huru akazipunguza hadi 14, ila alikuwa ameshakosa 16. Fedha hurudi, mechi hazirudi. Hapo nakuunga mkono: rufaa zisikilizwe haraka.

Kuhusu Raffi Torres na zile 41 za mwaka 2015, nusu ya msimu mzima, kumbuka miaka mitatu kabla yake alishafungiwa kwa kumpiga Marian Hossa kichwani. Safari hii aliyepigwa alikuwa Jakob Silfverberg, tena katika mechi ya maandalizi tu. Itazame video ya hukumu yake, kisha uniandikie kama bado unaziona nyingi.

Wako wa siku zote.